Mikono Minne

Jumamosi, Machi 28

Daftari hili kanipa Nusaiba, mtoto wa marehemu kaka yangu, lina maua juu kama kanga ya harusi. Kasema, "Ami, hadithi zako ziandike humu, shangazi Mize apumzike masikio."

Nianze basi. Mie ni Ishak, wa Msuka, na kila mtu kuanzia hapa mpaka Makangale ananijua. Mguu wangu wa kulia umevunjika muundi. Hospitali wameufunga plasta kuanzia gotini mpaka vidoleni, na daktari, kijana mwenye ndevu tatu, kasema nisiukanyage mpaka Mei iishe.

Nimeanguka kutoka juu ya mnazi wa pima kumi na mbili. Dada Mize anawaambia wageni kwamba niliteleza barazani nikiwaonesha watu nilivyomvuta papa baharini. Baraza yetu kimo chake shibiri mbili. Mwenye akili aamue mwenyewe, mfupa kama wangu unavunjwa na shibiri mbili?

Kitanda kimewekwa chini ya dirisha. Dirisha lina nondo.

Jumatatu, Machi 30

Mvua.

Jumanne, Machi 31

Mvua. Bati hili linapigwa toka alfajiri. Soud kapita dirishani, kasimama na mwavuli wake, kaniuliza hali. Nikamwambia alhamdulillahi.

Soud ni mdogo wangu kwa baba. Marehemu Yussuf, baba yake Nusaiba, tulikuwa baba mmoja mama mmoja. Soud mama yake mwingine. Ni seremala, na akifa mtu hapa kijijini yeye ndiye anayechukua ufito akampima, kisha ule ufito unapelekwa kwa wachimba kaburi. Kaumbwa mrefu kama mnazi, na maneno yake machache kama nazi za mnazi mkongwe, lakini kila moja likianguka linakupata kichwani.

Alhamisi, Aprili 2

Leo kuna jambo la kuandika.

Posa ya Nusaiba imekamilika. Ashraf wa Makangale, kijana mpole, anauza vipuri vya pikipiki. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe nane Mei, baada ya sala ya alasiri, msikiti wa chini. Baba yake kafariki, babu kafariki, kaka hana. Wali wake, wa kumwozesha, ni mie. Mtoto huyu nimemlea tangu hajaota meno. Nilimwambia siku alipomaliza kusoma Kurani: siku yako nitaingia msikitini kwa miguu yangu, niketi mbele ya shehe, niushike mkono wa mume wako kwa mkono wangu.

Wazee wameniuliza kwa adabu, itakuwaje na mguu huo? Mmoja akasema si lazima, wakala upo katika dini, nimwachie Soud aniozeshee. Soud alikuwa kakaa pembeni anachonga kijiti. Hakukataa.

Nikawaambia wazee mie nilishatembea kutoka Wete mpaka hapa na mwiba wa samaki taa mguuni, na kichwani gunia la karafuu mbichi. Wakacheka, wakanywa kahawa. Lakini nimeona jicho la Soud.

Ijumaa, Aprili 3

Sala ya Ijumaa nimesali kitandani, adhuhuri tu, sauti ya khutba nikiisikia kwa mbali. Kutoka hapa mpaka msikitini ni kuteremka tu, udongo mwekundu, na masika haya unateleza kama bamia. Hospitali hawakuwa na magongo ya kuazima. Nikibebwa nitabebwa juu ya kitanda, watu wanne, na mtu anayeteremshwa msikitini juu ya kitanda begani mwa watu sote tunamjua ni nani.

Sibebwi.

Jumamosi, Aprili 4

Haidar kapiga simu kutoka Maskati. Ni mtoto wa dada Mize, kaondoka hapa na baba yake akiwa hajafika hata darasa la pili, sasa ana duka la simu. Kasema, "Mjomba, nakununulia magongo mazuri ya alumini, kuna mtu anakuja huko. Dukani wanataka urefu wako kwa inchi."

Nikamwambia subiri kesho. Dada Mize akasema tumtafute mwenye tepu. Tepu za siku hizi siziamini, za Kichina, ukizilowesha zinasinyaa. Tena mie nitapimwaje na tepu wakati siwezi kusimama? Nipimwe nimelala? Kwetu anayepimwa kalala ni maiti, hapana mwingine.

Nitajipima kwa akili.

Jumapili, Aprili 5

Hesabu nimeifanya hivi, na ninaiandika ili wajao wasome.

Inchi ni upana wa dole gumba. Jambo hili nilifundishwa na nahodha wa Kigiriki tulipokuwa tunavuka kwenda Tanga na mawimbi yamesimama kama nyumba. Wazee wetu wao walikuwa na shibiri, kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa. Shibiri mbili ni mkono, yaani kiwikoni mpaka ncha ya kidole kirefu. Mikono minne ni pima, ukitanua mikono yote miwili kama unataka kumkumbatia ng'ombe. Na pima ya mtu ndiyo kimo chake. Kwa hiyo mie ni mikono minne, na hili silihitaji tepu.

Imebaki kujua mkono wangu una inchi ngapi. Nimeulaza juu ya paja, nikaupanga madole gumba kuanzia kiwikoni, dole baada ya dole, bila kuruka. Ishirini kamili. Shuleni walituambia mkono ni inchi kumi na nane, lakini huo ni mkono wa watu wa vitabuni. Mara nne, themanini.

Nusaiba alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Kaacha ungo, kajipima ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Minne. Kamwita shangazi yake, kampima. Minne. Dada Mize anafika mabegani mwa Nusaiba.

"Basi ami, sote sawa?"

Nikamwambia apepete mchele.

Jioni nimempa Haidar jibu. Inchi themanini. Haidar kasema, "Nakumbuka, mjomba. Ulikuwa unagusa dari." Sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. Nikajisikia vizuri sana.

Jumanne, Aprili 7

Dada Mize kaisambaza hesabu yangu. Soud kasimama dirishani, kainama ili uso wake ufike kwenye nondo.

"Kaka. Nasikia weye mikono minne."

Nikasema ndiyo.

"Alhamdulillahi," kasema, kaenda zake.

Alhamisi, Aprili 9

Mvua. Plasta inawasha ndani. Nimeikuna kwa mwiko, dada Mize kautupa mwiko.

Soud: "Kaka, bado mikono minne?"

Jumapili, Aprili 12

Mvua. Mjusi mmoja anaishi juu ya fremu ya mlango. Anatoka anapotaka.

Jumatano, Aprili 15

Wageni wa kunijulia hali wamepungua. Mwanzo walikuwa wanakaa mpaka magharibi, mnazi wangu wakiusikiliza, na nakiri kila mgeni aliukuta umerefuka kidogo. Leo kaja jirani mmoja tu, Hudhaifa, kaleta muhogo, na nilipofika pale ninapoachia kuti akaniambia, "Na hapo ndipo ukauona mnara wa Tanga," akaaga. Mtu akishaijua hadithi kuliko mwenyewe, mwenyewe anabaki na nini?

Soud kapita. Kaonesha tu vidole vinne.

Jumatatu, Aprili 20

Magongo yamefika! Yanang'aa, yana mpira mwekundu chini na godoro dogo la kuweka kwapani. Dada Mize kayasimamisha ukutani. Kayatazama, kanitazama, kayatazama.

Nikamwambia nitayajaribu kesho, leo mkono umechoka.

Jumanne, Aprili 21

Nimeyajaribu, mlango nimefunga. Nimesimama kwa mguu mzima, nimeshika kitanda, nimelisogeza gongo moja ubavuni. Godoro lake limenifika sikioni. Nimesoma karatasi iliyobandikwa: yana matundu ya kupandisha na kushusha. Nimeshusha mpaka tundu la mwisho. Likanifika karibu na shingo.

Nimelala tena.

Dukani wamekosea kusoma.

Jumatano, Aprili 22

Dada Mize anauliza mbona sitoki. Nimesema mvua. Kwa bahati nzuri mvua ipo.

Jumamosi, Aprili 25

Soud kaingia ndani, mara ya kwanza tangu posa. Kayakuta magongo ukutani. Kayapima kwa jicho, na jicho lake ni la seremala. Kanikuta na mie nimejifunika mpaka kidevuni.

Kasema polepole kwamba alumini inakatika, ana msumeno wa chuma, kazi ya dakika. Nikasema mali ya Maskati haikatwi, Haidar kajinyima. Kasema basi atanichongea mengine ya mti, ana mti mkavu wa mfenesi, ila anataka kipimo, yeye hakati mti kwa kukisia.

"Ulale nikupime."

"Unipime kwa nini?"

"Kwa ufito."

Nikamfukuza. Ndiyo, nimemfukuza ndugu yangu nyumbani kwa dada yetu. Nimemwambia ufito wake akawapimie waliokwisha, mie roho ninayo, na anayenitaka nilazwe chali nipimwe kichwa mpaka wayo anataka nini kingine kama si kiti changu mbele ya shehe?

Mlangoni kageuka. "Umejihesabu kwa dole lako mwenyewe, kaka. Dole dogo, inchi nyingi. Hata kuku akijipima kwa ukucha wake atatoka na inchi themanini."

Nimelitazama dole langu mpaka adhana ya magharibi.

Jumatatu, Aprili 27

Mvua. Hapa ndani panazidi kuwa padogo. Nimepapima kwa shibiri ukutani, kadiri mkono unavyofika. Sitaandika ni ngapi. Kipimo changu sina imani nacho tena, na mtu asiye na imani na shibiri yake atapima nini?

Wanawake wanashona, wanapika, wanaimba huko uani. Nusaiba kapakwa liwa ya harusi. Kila mtu ana pa kwenda.

Ijumaa, Mei 1

Wazee wametuma mtu. Wanataka jawabu kabla ya Jumatano, wakala anapewa nani. Nimemjibu nitakuja mwenyewe. Kayatazama magongo yanayong'aa, akasema mashallah.

Jumapili, Mei 3

Ninayoandika leo hayatoki humu.

Leo wanawake wote walikwenda hitima nyumba ya pili, adhuhuri. Mvua ilikuwa imekatika, ya kwanza kukatika kwa muda mrefu, na jua likatoka. Nikasema, Ishak, ndiyo hii. Nikifika barazani tu, watu wanione nimesimama, maneno yatakwisha. Baada ya hapo Mungu atajua.

Kuyaingia yale magongo nilipanda kitandani kwa mguu mzima, nikayaegemeza, nikajitundika. Naam, nilijitundika. Makwapa juu, miguu inaelea, kama shati kwenye kamba. Nikirusha gongo moja, mwili wote unafuata. Nimekwenda hivyo kutoka kitandani mpaka mlangoni, na wallahi, katika yote niliyoyafanya duniani, papa akiwemo, hakuna lililokuwa gumu kama lile, na sina wa kumsimulia.

Nimevuka kizingiti. Nje ya mlango kabla ya baraza pana kile kipande cha udongo kinachodondokewa na maji ya bati. Magongo yote mawili yakazama, yakashuka mpaka mpira mwekundu hauonekani tena, yakasimama imara kama nguzo za banda. Hata hivyo miguu yangu haikufika chini.

Nikabaki hapo.

Mbele siendi, nyuma sirudi. Kuruka siwezi, nitaangukia plasta. Kuita sitaki. Mikono ikaanza kufa ganzi kuanzia kwapani. Mvua ikarudi. Mbuzi wa Hudhaifa kaja, kasimama chini yangu kujikinga, kanitazama. Nikaanza kusoma kila ninachokijua, na nilipomaliza ninachokijua nikaanza tena. Nikawaza: wakirudi wananikuta hivi. Nusaiba ananikuta hivi. Na nikawaza jambo jingine, kwamba nimeingia humu mwenyewe, kwa hesabu yangu, hakuna mtu aliyenifungia.

Aliyenikuta ni Soud. Alikuwa akipita. Kauweka mwavuli chini, kaja, kanishika kiunoni, kaniinua kama mtu anavyoanua nguo mvua ikija, kanibeba mpaka kitandani. Hakucheka. Nilimtazama vizuri nione kama atacheka. Karudi nje kayang'oa magongo, kayaosha kwa maji ya bati, kayasimamisha ukutani pale pale yalipokuwa. Kaifuta na michirizi ya tope sakafuni.

Wanawake waliporudi wakaniuliza mbona nimelowa. Soud kasema, "Bati linavuja hapo. Kesho nitaliziba."

Jumatatu, Mei 4

Soud kaziba bati ambalo halivuji.

Jumanne, Mei 5

Nusaiba kaja kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ina hina mbichi, kaifunga mifuko ya plastiki. Kaniuliza nimeamua nini. Nikaanza kumweleza habari ya nahodha wa Kigiriki. Akaniacha mpaka nilipovuta pumzi.

"Ami, ukikaa humu ndani siku ile, mie nitasikia jina la ami Soud linatajwa mahali pa baba. Nitaitikia, kwa sababu ndiyo sheria. Lakini sitaki."

Nikamwambia mguu.

"Si mguu," kasema. "Nilipokuwa mdogo nikikufika kiunoni. Sasa nakutazama utosini. Ulidhani sijaona?"

Kisha kanipepea, maana nilikuwa natoka jasho.

Nikamwambia amwite Soud.

Kaja na ufito, kauchuna vizuri. Nikaomba wanawake watoke na mlango ufungwe. Nikalala chali. Soud kainama, kaninyoosha mkono ubavuni, kisha mwingine, kaniweka sawa kichwa, na nikaona midomo yake inacheza: alikuwa ameanza kusoma dua ya wafu kwa mazoea. Nikamtukana tusi ambalo siliandiki humu.

"Nimepima wengi, kaka," kasema. "Weye ndiye wa kwanza kunitukana."

Nikacheka, na nilipocheka nikagundua nilikuwa nalia. Ufito ulikuwa baridi. Unapita kando ya sikio, bega, nyonga, unashuka na plasta. Mtu akilala vile anajua kabisa nafasi anayoihitaji duniani, na si kubwa. Soud kaweka alama kwa kisu, kwapani moja, kisiginoni moja. Kisha, kwa kuwa mkono wake umezoea, kaweka na ya utosini.

Kaiangalia alama hiyo muda mrefu. Nikamwambia sema, yakhe, umeshanipima, cheka basi.

"Yussuf nilimpima mie," kasema. "Weye ulikuwa uani huwezi kusimama. Ufito wake ulikuwa huu huu. Haukuzidi, haukupungua."

Mie siku zote ninahadithia kwamba kaka Yussuf alikuwa mrefu, mlango aliuinamia. Nilimwona hivyo. Nikaomba nishike ufito. Nimeushika kidogo, nikamrudishia.

Desturi ufito ukishatumika unaachwa makaburini. Huu Soud kauvunja kwenye goti lake, vipande vipande, baada ya kuhamisha alama kwenye mti, kisha kampa Mize awashie moto.

Alhamisi, Mei 7

Magongo ya mfenesi. Manjano, mazito, yananukia. Yananikaa kwapani na mguu mzima uko chini. Nimetoka mpaka barazani, nikarudi. Nikatoka tena bila sababu.

Jumamosi, Mei 9

Jana sikuandika, nilikuwa nje.

Mvua ilikuwepo, lakini Soud na Hudhaifa walimwaga maganda ya nazi njia yote ya kuteremkia, magongo yasizame. Kanzu yangu kaipiga pasi Mize mwenyewe. Nimeteremka. Msikiti umejaa mpaka kwenye birika la kutawadhia, watu wa Makangale safu mbili. Nimeketi mbele ya shehe, mguu wa plasta nimeunyoosha pembeni, Ashraf kaninyooshea mkono, nikaushika. Mkono wake ni mkubwa, wangu ulipotelea humo. Nimetamka jina la Nusaiba binti Yussuf na sauti haikukatika. Katibu kaandika jina la wali: Ishak.

Halua ilipokuwa inapita, mzee mmoja wa Makangale, mcheshi, kayashika magongo yangu ya mfenesi, kayapindua. Akasema kwa sauti ya msikiti mzima kwamba huko kwao ilifika habari ya mtu wa Msuka mwenye inchi themanini, na haya magongo mbona ya kijana wa madrasa. Watu wakaanza kucheka, wa kwetu wakiongoza. Kisha akamgeukia Soud. "Weye ndiye fundi, nasikia umempima mwenyewe. Tuambie basi, huyu bwana ana urefu gani?"

Nilikuwa na kipande cha halua mdomoni. Hakishuki, hakitoki. Nikatazama mkeka.

Soud hakuharakisha. Kajipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja.

"Mikono minne," kasema.

Yule mzee akasubiri aongeze neno. Soud akachukua kikombe chake cha kahawa.

Hakusema mikono ya nani.